Taimingi ya Subaru yenye turbo: kwa nini tatizo hurudi baada ya kila matengenezo

Gari likitoka gereji linakimbia vizuri. Wiki ya kwanza unalisifu kwa wenzako. Wiki ya tatu, ukipandisha kilima huku umekanyaga mafuta, nguvu inakatika katikati, gari linajikwaa, halafu linashika tena. Likisimama kwenye foleni linatetemeka. Taa ya injini inawaka, inazima, inawaka. Unalirudisha, fundi anainama kusikiliza, kisha anatoa hukumu: "Boss, taimingi imeruka." Mkanda unabadilishwa, betri inachomolewa na kurudishwa, unalipa. Baada ya wiki chache mnaonana tena.

Nazungumzia hasa Impreza WRX, STI na Forester za turbo zenye injini za familia ya EJ. Injini hizi zilianza na Legacy mwaka 1989, na EJ20 ikaendelea kuuzwa Japani miaka thelathini, hadi lilipotoka toleo la mwisho la STI, magari 555 tu. Kwetu gari hili lilijipatia jina porini kabla ya kujipatia jina mjini: Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, Richard Burns akarudia mwaka 2000. Leo zimejaa Nairobi, Kampala, Arusha na Dar, nyingi zikiwa zimepita mikono mitatu minne, na injini si ile iliyotoka nayo kiwandani.

Kabla ya kumlaumu fundi, tukubaliane jambo moja. Kwenye injini hizi taimingi, yaani mpangilio wa kila kitu kutokea kwa wakati wake, ziko tatu, na kila moja inaharibika kwa njia yake. Ya kwanza ni ya chuma na mpira: mkanda unaounganisha kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kamshafti nne, ili valvu zifunguke na kufunga pistoni ikiwa mahali panapotakiwa. Ya pili ni AVCS, mfumo unaotumia shinikizo la oili kuzisogeza kamshafti mbele au nyuma kidogo gari likiwa linatembea. Haupo kwenye kila EJ, lakini upo kwenye nyingi za miaka ya 2000 kuendelea. Ya tatu ni ya moto: sekunde ipi plagi ipige cheche. Zote tatu zinaweza kukupa gari lisilovuta, linalotetemeka na linalokunywa mafuta. Tatizo likirudi mara ya tatu, karibu kila mara ni kwa sababu imetengenezwa taimingi moja wakati inayoumwa ni nyingine.

Mkanda: alama inayowadanganya wengi

Nianze na mkanda kwa kuwa ndio unaogharimu injini nzima. EJ za turbo za kamshafti nne, hasa za kuanzia miaka ya 2000, hazisamehi: mkanda ukikatika au ukiruka meno mengi, pistoni zinakutana na valvu, valvu zinapinda, na hapo unafungua vichwa vyote viwili vya injini. Kwa masoko mengi mkanda unabadilishwa kwa kilomita 100,000, ila namba hiyo inadhani dashibodi inasema kweli na mpira haujazeeka. Kwa gari la mtumba mimi nisingeamini yote mawili. Hesabu kwamba mkanda ulioukuta umeisha.

Sasa hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Ukitoa puli ya kranki na kufungua vifuniko vya mbele, utaiona gia ya kranki ina mshale uliochorwa usoni, unaoonekana vizuri kabisa. Mtu aliyezoea injini nyingine anaupeleka mshale ule juu, anavalisha mkanda, anafunga. Amekosea. Mshale unaonyesha pistoni ikiwa juu kabisa, na kwenye injini hizi mkanda haufungwi hivyo. Alama ya kufungia ni kamstari kadogo kwenye sahani yenye meno iliyo nyuma ya gia ileile, sahani inayosomwa na sensa ya kranki. Kamstari hako ndiko kanakokaa juu, sawa na alama iliyo kwenye mwili wa injini. Ikiwa hapo, pistoni zote nne ziko katikati ya silinda, hakuna valvu inayoweza kuguswa, na unaweza kugeuza kamshafti bila hofu ya pistoni. Gia za kamshafti nazo zina mishale yake ya kupoteza watu. Unachofuata ni mistari, na ile mistari miwili miwili ya gia ya juu na ya chini ya upande mmoja lazima itazamane.

Upande wa kushoto, ukiwa umekaa ndani ya gari unatazama mbele, una ugomvi wake. Kamshafti zake zinashikiliwa na springi za valvu, kwa hiyo ukitoa mkanda zinaweza kuruka ghafla. Ukizirudisha kwa kuzizungusha upande usio wake, valvu ya kuingiza na ya kutoa zinagongana zenyewe kwa zenyewe, pistoni haihusiki. Fundi anayeijua EJ anazishika na kifaa cha kuzibana kabla hajagusa mkanda. Fundi anayezishika kwa spana na dua, muulize maswali mawili matatu kabla hajaendelea.

Halafu kuna tensiona. Ndani yake mna oili, na kazi yake ni kuukaza mkanda bila kuutesa. Kabla ya kuifunga inabanwa ndani kwenye jiriwa, ikiwa imesimama wima, taratibu, dakika kadhaa, mpaka tundu zikutane upitishe pini. Ikibanwa kwa haraka, au kwa nyundo kama nilivyowahi kuona, mpira wake wa ndani unaumia hapohapo na hauonekani kwa nje. Gari litatoka gereji likiwa zima. Baada ya wiki chache tensiona inalegea, mkanda unapiga kelele ya kukwaruza asubuhi injini ikiwa baridi, siku moja unaruka jino. Jino moja ni zaidi ya digrii kumi za mzunguko wa kranki. Gari bado linawaka, bado linakwenda, lakini limekuwa zito upande mmoja. Ndiyo maana mkanda mpya kwenye tensiona ya zamani ni kazi nusu. Roli zake na pampu ya maji vinaingia kwenye hesabu hiyohiyo, kwa sababu pampu ya maji ya EJ inazungushwa na mkanda huu huu; beringi yake ikianza kucheza, mkanda unakwenda upande.

Kwa gari la gia za mkono kuna kipande kimoja kinachopotea kuliko vyote: kibati kidogo cha kuzuia mkanda, kinachofungwa karibu na gia ya kranki kikiacha nafasi ya kama milimita moja. Watu wanakiona hakina kazi, wanakiacha kwenye kopo la bolti. Kazi yake inaonekana siku umeegesha kwenye mteremko ukiwa umetia gia, gari likasogea na kuizungusha injini kinyume. Upande wa mkanda unaokazwa na tensiona unabadilika, mkanda unalegea pasipotakiwa, na bila kibati hicho unaruka. Mwenye gari anaapa kwamba hajafanya lolote, aliegesha tu. Na ni kweli.

Kuna chanzo kingine ambacho hakitibiki hata ukibadilisha mikanda mitano. Bolti kubwa ya puli ya kranki isipokazwa kwa spana ya kipimo, kwa kiwango cha modeli hiyo, puli na gia yake zinaanza kucheza juu ya kranki. Kichuma kidogo cha kufungia gia, wengi wanakiita kii, kinakula ukingo wa mfereji wake. Matokeo yake gia inatangulia au kuchelewa kidogo kila unapokanyaga na kuachia. Alama zote zinakaa sawa ukitazama injini imezimwa, huku ikiwaka taimingi inatangatanga, na kompyuta nayo inapokea taarifa za uongo kwa kuwa sahani ya sensa iko kwenye gia ileile. Puli ikitolewa, tikisa gia ile kwa mkono. Isicheze hata kidogo. Ni kipimo cha bure, na sijui kwa nini hakifanywi kila mara.

Jambo la mwisho kwenye mkanda: mikanda ya jenuini inakuja na mistari iliyochapwa ya kusaidia kuvalisha. Mistari hiyo inakutana na alama siku ya kufunga tu. Ukizungusha injini mizunguko miwili ili kuhakikisha, gia zitarudi kwenye alama zake lakini mistari ya mkanda itakuwa kwingine. Hilo ni kawaida. Nimeona kazi nzuri ikivunjwa na kurudiwa vibaya kwa sababu mtu aliitazama mistari ya mkanda badala ya gia.

AVCS: malalamiko ya oili

Msimbo wa hitilafu P0011 unasema kamshafti ya upande wa kulia imetangulia kupita inavyoamriwa. P0021 ni hilohilo kwa upande wa kushoto. Watu wakisoma neno taimingi kwenye simu wanakimbilia mkanda. Anza na kijiti cha oili. Injini hizi hula oili kidogo kidogo, hasa zikiendeshwa kwa nguvu, na AVCS ndiyo ya kwanza kulalamika shinikizo likipungua. Oili nzito kuliko inavyotakiwa, iliyochaguliwa ili "ifunike kelele", inaleta msimbo huohuo asubuhi. Na baadhi ya injini hizi zina vichujio vidogo vya wavu ndani ya bolti zenye tundu zinazopeleka oili kwenye AVCS na kwenye turbo. Gari lililocheleweshewa sevisi linaviziba kwa tope.

Kipimo kizuri hapa hakihitaji mashine ya bei. Valvu za umeme zinazoruhusu oili kupita kwenda kwenye kamshafti za kuingiza ziko mbili, kulia na kushoto. Kama namba zake zinafanana, zibadilishane pande, futa msimbo, endesha. P0011 ikigeuka kuwa P0021, mgonjwa ni valvu, amehama nayo. Msimbo ukibaki palepale, angalia njia ya oili, gia ya AVCS yenyewe, na ndipo mkanda. Ukiwa na kifaa kinachoonyesha namba za AVCS, ziangalie injini ikiwa imepata moto na haikanyagwi: pande zote mbili zinatakiwa kuwa karibu na sifuri. Upande mmoja ukikaa mbali na mwenzake muda wote, mkanda unarudi kwenye orodha ya washukiwa, tena P0016 au P0018, misimbo ya kranki na kamshafti kutolingana, zikiwa zimejitokeza pamoja nao.

Moto: kompyuta inapoacha kukuamini

Kwa gari la kasi, taimingi ya tatu ndiyo yenye mambo mengi. Mchanganyiko wa petroli na hewa hauwaki papo hapo. Unahitaji muda mfupi kuenea. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kranki inapita digrii 36 ndani ya elfu moja ya sekunde. Kwa hiyo cheche lazima ipige kabla pistoni haijafika juu, ili shinikizo kubwa liikute pistoni ikiwa imeanza kushuka. Ikipiga mapema kupita kiasi, au petroli ikilipuka yenyewe pembeni ya silinda, injini inagonga. Kwenye turbo ugongaji huo unavunja pistoni, na EJ, hasa ya lita 2.5, inajulikana kwa kupasua kuta nyembamba za pistoni zinazoshika ringi.

Hakuna distribyuta kwenye injini hizi. Narudia kwa sababu bado kuna watu wanatafuta cha kuzungusha: hakuna. Kompyuta ndiyo inayoamua, ikisikiliza kwa sensa moja ya ugongaji iliyofungwa kwenye mwili wa injini chini ya manifoldi. Inaposikia kugonga inafanya mambo matatu. Papo hapo inarudisha cheche nyuma digrii kidogo. Pili, inaandika kwenye kumbukumbu yake kwamba kwenye mzunguko huu na mzigo huu pana hatari, na mara nyingine ikifika hapo inarudi nyuma mapema bila kusubiri kusikia. Tatu, ugongaji ukizidi, inapunguza kipimo cha jumla cha kiasi gani cha taimingi ithubutu kutumia. Kwenye kompyuta za zamani kipimo hicho kinahesabiwa hadi 16, kwenye mpya zaidi hadi 1. Gari lililoshuka kutoka 16 hadi 8 ni gari jingine kabisa, hata kama hakuna bolti iliyoguswa na taa ya injini haijawaka.

Hapo ndipo siri ya gari linalopona na kuugua ilipo. Kuchomoa betri kunafuta kumbukumbu hiyo. Masahihisho yote yanarudi sifuri, gari linachangamka, kila mtu anaamini mkanda mpya umefanya kazi. Kompyuta inaanza kujifunza upya, inakutana na ugongaji uleule, inarudi ilikokuwa. Kwa hiyo kabla ya kuchomoa betri, soma kumbukumbu. Kile kifaa kidogo cha bluetooth kinachouzwa kila kona kinasoma misimbo, ila masahihisho ya ugongaji hakiyaoni. Unahitaji programu inayoijua Subaru. RomRaider ni ya bure, na fundi wa kutyuni (kupanga upya kompyuta ya gari) mwenye kebo yake anaipata kwenye laptopu.

Rekodi ya safari moja inasema mengi. Chukua mfano: gia ya nne, mzunguko 3,200, turbo imeshajaza, na safu ya masahihisho inasoma hasi 1.4, kisha hasi 2.8, kila unapopita hapohapo. Ugongaji unaotokea kwenye mzigo mkubwa tu unaelekeza kwenye petroli, joto, au hesabu ya hewa. Ugongaji unaojitokeza popote, hata ukiachia mafuta, una dalili za kelele tu: bati la kukinga joto la eksozi limelegea, sensa imefungwa juu ya kutu, au imekazwa kupita newtoni-mita 24 hivi ikapasuka.

Petroli ndiyo inayosahaulika. Kwa viwango vya Japani petroli ya premium haipungui oktani 96 (kipimo cha petroli kuvumilia bila kulipuka yenyewe), na STI ya soko lile imepangiwa hiyo. Ukilinywesha petroli ya kawaida bila kulityuni upya, kompyuta itaishi kwa kurudi nyuma. Uchakachuaji nao upo, na mafuta ya taa yakichanganywa oktani inashuka zaidi. Tanzania ilifika mahali pa kuweka vinasaba (kemikali za utambulisho) kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwanasa wachakachuaji. Gari likianza kusumbua siku mbili baada ya kujaza kituo usichokizoea, usifungue injini kwanza.

Mahali pia panahesabika. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, silinda zinajaa kidogo. Gari lililotyuniwa huko kwa ukali likateremka Mombasa, kwenye hewa nzito, joto na unyevu, linaingia kwenye mzigo ambao fundi hakuujaribu. Wenye magari husema "likifika Voi linaanza, likirudi Nairobi linapona." Hilo halina uchawi. Mkanda unaoruka hauchagui mkoa. Taimingi ya moto inachagua.

Na marekebisho ya kujipendezesha: chujio la koni, na ile valvu inayopiga "psshh" ukiachia mafuta. Kompyuta ya Subaru inachagua taimingi kwa kupima hewa inayoingia. Ukibadilisha bomba ambamo kipimo cha hewa kinakaa, au ukimwaga nje hewa iliyokwisha kuhesabiwa, kompyuta inachagua taimingi ya mzigo usiokuwepo. Bomba la turbo lenye ufa linafanya vilevile. Litafute kwa moshi kabla ya kununua sensa.

Injini za mtumba zina fumbo lao. EJ za zamani zina meno 6 kwenye ile sahani ya kranki; za baadaye zina mpangilio wa meno 36 yenye mapengo matatu. Gia ya injini moja ikifungwa kwenye injini inayosomwa na kompyuta ya nyingine, gari haliwaki, au linawaka na kuzima bila utaratibu. Na sensa ya kranki inayokufa ikipata moto ina dalili yake: gari linazima barabarani, linapoa nusu saa, linawaka kama halikuwa na neno. Hapo angalia P0335, msimbo wa sensa hiyo, na waya zake kwanza.

Nikilipata gari la namna hii, mpangilio wangu ni huu: oili na umri wake, misimbo na kumbukumbu kabla ya kufuta kitu, petroli inayoaminika, mabomba ya hewa, plagi na koili, kisha kompresheni ya silinda zote nne. Vifuniko vya mkanda vinafunguliwa baada ya hapo, isipokuwa namba za AVCS au historia ya gari zimeelekeza huko mapema. Kompresheni ikionyesha silinda moja imeachwa mbali na wenzake, pima pia inavyovuja, kwa sababu pistoni iliyopasuka inapandisha oili kwenye silinda, oili inashusha oktani, na ugongaji unazaliwa upya kila siku. Kata na chujio la oili ulitazame ndani. Beringi inayoanza kulia husikika na sensa ya ugongaji kabla haijasikika na sikio lako, kompyuta inarudisha taimingi, na wewe unaambiwa ubadilishe mkanda. Ukiona chembe zinazong'aa kwa rangi ya shaba kwenye karatasi ya chujio, usiliwashe gari tena, hata kwa kulipeleka gereji. Ita breakdown.